Anayefungua Ndiye Anayehojiwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na dari ya ofisi yetu imeanza nayo. Ndoo ya mwaka jana imerudishwa palepale, kati ya meza yangu na kabati. Mkurugenzi amepita, ameitazama ndoo, ameitazama dari, kisha akaniuliza, "Jedwali limefika wapi?"

Naanza shajara hii kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Jana alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, akaniambia bila kuinua macho, "Bwana Takwimu, hayo manung'uniko yako yaandike mahali. Mimi nina magauni ya watu hapa." Haya, nayaandika.

Kazi yangu ni kupima pengo. Kila baada ya miaka michache ofisi yetu inatuma wahojaji nchi nzima kuuliza kaya moja moja wamekula nini, wamenunua nini, wamelipa nini. Majibu yanaletwa kwangu, na mimi nayasaga mpaka inatoka namba moja kati ya sifuri na mia. Sifuri maana yake wote tuko sawasawa. Mia maana yake mtu mmoja anachukua vyote na sisi wengine tunamtazama akitafuna. Hakuna nchi iliyofika sifuri wala mia, lakini kila nchi inapenda kujua jirani yake yuko wapi.

Mwaka huu wakubwa wa nchi za ukanda huu wamekubaliana namba zetu zote ziwekwe kwenye jedwali moja, zitangazwe siku moja. Na bodi ya mishahara nayo inalisubiri jedwali hilohilo. Imeahidi hadharani kwamba namba yetu ikizidi arobaini, kima cha chini cha walinzi na watumishi wa nyumbani kitapandishwa. Ndiyo maana shemeji yangu mlinzi hanipi pumzi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo imejaa. "Jedwali limefika wapi?"

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja kula, kama kila Jumapili anapopata nafasi. Ni mdogo wa mke wangu, analinda geti la jumba moja kule mtaa wa juu, kilimani. Akiingia kwangu anakaa kwenye kiti changu, anashika rimoti yangu, na watoto wangu wanamng'ang'ania shingoni, "Mjomba, mjomba!" kana kwamba mimi ni mpangaji.

Mtu huyu ana maneno! Leo ametusimulia jinsi bosi wake asivyoweza kuamua jambo bila kumuuliza yeye. Gari gani linunuliwe, mbwa gani auzwe, yote yeye.

Lakini alipomaliza kula alinisogelea, akashusha sauti. "Shemeji, hiyo namba haijaiva?"

"Namba haiivi kwa kuulizwa."

"Mimi sikuulizi kwa ubaya. Mwenzangu ananiuliza kila siku kwenye simu. Mtoto ameanza kutembea, mimi namwona kwenye picha."

Mkewe na mtoto wanaishi kwa wazazi wa mke, safari ya basi ya siku nzima. Kwenye kile chumba cha getini mtoto haruhusiwi. Bosi alisema mtoto atalia na mbwa watasumbuka. Kwa mshahara wa sasa shemeji hawezi kupanga chumba kingine. Ukipanda, anaweza. Ni hivyo tu, hakuna hesabu ngumu hapo.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi wa wahojaji ameleta majibu yote ya nchi nzima, wiki moja kabla ya muda. Ofisini tunamwita Chapuchapu, na jina hilo analipenda. Mkurugenzi amempigia makofi mbele ya watu. Mimi nimeshukuru pia, ila nina shaka. Mitaa yote imejibu, hata ule wa juu kilimani, ambao miaka yote huwa unatujibu nusunusu.

Jumanne, 18 Machi

Ishirini na tisa.

Nimerudia mara ya pili. Ishirini na tisa. Nimezima kompyuta, nimemwaga ndoo, nimewasha kompyuta, nimerudia. Ishirini na tisa.

Mara ya mwisho tulipata arobaini na moja. Pengo la nchi halipungui hivyo kimyakimya. Likipungua hivyo watu wangeimba barabarani. Nimekwenda kwa Mkurugenzi nikamwambia kuna kitu hakijakaa sawa. Yeye aliisikia namba tu, hayo mengine hakuyasikia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ishirini na tisa! Tumewapita majirani wote!"

"Mkuu, hili pengo wewe umeliona likipungua wapi?"

"Usinitafutie maneno."

"Sikutafutii. Nauliza tu. Kwako? Kwangu? Kwa huyu mama anayetufagilia ofisi?"

"Kazi yako ni kupima," akasema. "Kuona tuachie sisi."

Nimerudi mezani kwangu nikakaa nikiitazama ndoo. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 21 Machi

Leo amenipigia mwenzangu wa ng'ambo ya mpaka, mama mmoja mkali anayefanya kwao kazi ninayofanya mimi huku. Hajanisalimia sawasawa.

"Ishirini na tisa mmeitoa wapi, kaka yangu?"

"Umeipataje?"

"Mkurugenzi wako amemwandikia wangu kumringia. Sisi tuna arobaini na tatu. Naambiwa nijieleze."

Nikamwambia kwanza tukumbuke kwamba mimi na yeye hatupimi kitu kimoja. Wao wanamuuliza mtu amepata nini. Sisi tunamuuliza ametumia nini. Akacheka kwa uchungu. "Ndiyo, na wewe unajua tajiri hawezi kula mshahara wake wote hata akijitahidi. Mwenye nyumba kumi hali milo kumi. Kinachobaki kinaingia benki, na wewe benki huulizi. Ukipima sahani, watu wote watafanana!"

Ni kweli, na kila mtu wa kazi hii analijua. Tumekubaliana tuombe jedwali liwe na safu mbili, ya wanaopima kipato na ya wanaopima matumizi, watu wasilinganishe vitu visivyolingana. Nimempelekea Mkurugenzi ombi hilo. Amesema safu mbili zitawachanganya waandishi wa habari.

Lakini hata hilo halinielezi kitu. Mara ya mwisho pia tulipima matumizi, tukapata arobaini na moja.

Jumapili, 23 Machi

Nimejua.

Shemeji alikuja amelowa chapachapa, akabadilisha shati, akakaa kwenye kiti changu. Katikati ya chakula akasema, "Kumbe hata mimi nimo kwenye hiyo namba yako, shemeji."

"Umo vipi?"

"Watu wako walinihoji. Kabla mvua haijaanza. Alikuja dada mmoja mpole, na mwavuli wa kukinga jua. Akasema anataka kuongea na wenye nyumba. Bosi akasema kwa simu hana nafasi, nimwondoe. Nikamwambia yule dada, pole, hawana nafasi. Akanitazama, akaniuliza, 'Wewe unalala hapahapa?' Nikasema ndiyo. 'Unajipikia?' Ndiyo. 'Basi wewe ni kaya.' Akakaa kwenye kiti changu cha getini, tukaanza."

Mke wangu akaanza kucheka. "Wewe nawe kaya! Kaya ya mtu mmoja na rungu."

"Akakuuliza nini?" nikasema.

"Vyote. Wiki nzima nimekula nini, nimenunua nini."

"Ukamjibu nini?"

Hapo alitabasamu, akawatazama wanangu kwanza, ili wasikilize vizuri. "Nikamwambia nyama mara tatu kwa wiki. Matunda kila siku. Na nguo mpya mwezi uliopita, ya kitambaa kizuri."

"Mungu wangu, na hiyo nguo iko wapi?" dada yake akamuuliza.

"Dada, msichana mzuri vile amekaa mbele yako, na kalamu mkononi. Utamwambia unakula mkate mkavu na chai ya jana?"

Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mke wangu akafuta machozi kwa kanga. Mimi nikasukuma sahani pembeni. Nikamuuliza kuhusu nyumba za jirani.

"Wote hivyohivyo. Geti baada ya geti, walihojiwa walinzi. Jioni tulikaa tukacheka sana. Yule wa nyumba nyeupe alisema ana pikipiki mbili!"

Basi ndiyo hivyo. Mtaa mzima wa matajiri, kwenye kompyuta yangu, ni walinzi. Matajiri wametoweka kwa juu, na maskini wamejipandisha kwa chini kwa sababu ya haya na majivuno. Pengo limezibwa pande zote mbili, na kila upande umefurahi.

"Shemeji, mbona huli?" akaniuliza. "Nimekosea?"

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumwambia kwamba kwa zile nyama zake tatu amejikata mshahara mwenyewe, yeye na wenzake wote wa nchi hii. Nikamtazama, ana mchuzi kidevuni, shati langu limembana mabegani. Nikasema nimeshiba.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemkamata Chapuchapu mlangoni kabla hajavua koti.

Hakukataa. Amenionyesha mwongozo aliowapa wahojaji wake, umeandikwa kwa herufi kubwa: ANAYEFUNGUA NDIYE ANAYEHOJIWA. Anasema wahojaji walikuwa wanafukuzwa kila geti, na wao wanalipwa kwa kila dodoso lililojaa. Wakirudi mikono mitupu hawali.

"Lakini ulipaswa kuwahoji wenye nyumba!"

"Nilipaswa kuhoji kaya. Kaya ni nini, mkubwa? Si watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja? Mlinzi analala pale, anakula peke yake, kwenye chungu chake. Kwa hiyo ni kaya, na anwani ni ileile. Nitajie kosa langu liko wapi."

Tafsiri hiyo ya kaya tuliipitisha sisi wenyewe kwenye kikao, na wote tulikubali. Kosa lipo, kubwa kama nyumba, na kwenye karatasi huwezi kuliona.

Jumatano, 26 Machi

Kwa Mkurugenzi. Nimemwambia yote, isipokuwa kwamba mmoja wa walinzi hao ni shemeji yangu. Amenisikiliza akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Turudie mtaa wa juu. Safari hii na wenye nyumba."

"Waziri ameshaisoma namba."

"Namba si ya kweli."

"Majibu ni ya kweli. Watu walihojiwa, walijibu, yameandikwa. Nani amedanganya?"

Ningeweza kumtajia. Sikumtajia. Nikasema bodi ya mishahara itaamua kwa namba hii, watu watakosa haki yao kwa sababu ya geti. Akasema nina wiki moja, sina gari, sina mhojaji. Nikitaka nipande mwenyewe kwa miguu. Nadhani alitegemea nitakataa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepanda. Mvua, matope, kona, geti. Hakuna aliyenifungulia.

Ijumaa, 28 Machi

Geti la kwanza, mlinzi amesema, "Bosi hayupo. Lakini mimi nipo, mzee. Safari ile nilijibu vizuri sana." La pili, mbwa. La tatu, sauti ya mama kwenye kile kidude cha ukutani.

"Sisi tulishahojiwa."

"Alihojiwa nani, mama?"

"Mlinzi."

"Mama, mlinzi si ninyi."

"Anakaa kwetu," akasema, na kidude kikazima. Niliendelea kuongea na ukuta kwa muda kabla sijajua.

Jumatatu, 31 Machi

Bwana mmoja amenikaribisha ndani! Amenipa taulo, amenipa chai, ni mcheshi, anajua hata kazi yetu. Amejibu maswali yote ya chakula, akaniitia mpishi anisaidie kukumbuka. Tulipofika kwenye nyumba za kupangisha, mashamba na akiba, akaweka kiganja juu ya dodoso langu kwa upole. "Hapo ruka, ndugu yangu. Andika chakula." Kwenye karatasi yangu yeye na shemeji wamekula karibu sawa, maana shemeji amejiongezea, na bwana huyu, daktari wake amemkataza nyama.

Nimeshuka kilima nikicheka peke yangu kama mwehu. Si kicheko cha furaha.

Jumanne, 1 Aprili

Mke wangu anasema nikiendelea hivi nitaumwa, na yeye hana nafasi ya kuuguza mtu aliyejitakia. Lakini amenikaushia viatu juu ya jiko bila kuambiwa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nilifika geti la shemeji.

Nilikuwa sijawahi kwenda. Miaka yote hii yeye huja kwangu, mimi sijawahi kwenda kwake. Alikuwa amesimama na sare, imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Aliponiona alinipigia saluti, na kwa sekunde moja nilidhani ni utani wetu wa kawaida.

"Naomba kuonana na mwenye nyumba," nikasema.

"Samahani, mzee. Bosi hapokei wageni."

"Shemeji, ni mimi."

"Nakuona," akasema bila kusogeza midomo. "Kamera iko juu yako. Ondoka taratibu."

"Nifungulie tu niongee naye. Ni kwa faida yako! Hujui ninachokihangaikia?"

"Nikikufungulia leo, kesho sina geti la kufungua. Nakuomba, shemeji."

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi nyuma yake. Kitanda kimegusa kuta tatu. Picha ya mtoto imebandikwa ukutani, mahali ambapo mtu akilala ubavu ataiona. Sufuria moja, jiko la mafuta chini ya kitanda. Hapo ndipo yule dada wetu alipoandika nyama mara tatu.

Nikasema kwa sauti, "Asante, kijana," ili kamera isikie, kama kamera inasikia. Akanipigia saluti tena. Nilitembea mpaka konani, nikasimama chini ya mvua. Nilikuwa nimemwona mtu wa maneno mengi kwa miaka yote hiyo, na leo amesema maneno machache na yote yalikuwa ya kweli. Nimeona aibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Geti la mwisho kwenye orodha yangu lilikuwa na maua mekundu juu. Nilibonyeza kengele, akatoka mwenye nyumba mwenyewe, na mwavuli. Mkurugenzi.

Tulitazamana. Nilijua anakaa upande huo, sikujua ni nyumba ipi. Anwani kwangu zina namba tu.

"Unafanya nini hapa?"

"Kazi uliyonipa, Mkuu. Nyumba hii alihojiwa mlinzi. Nimekuja kwa mwenyewe."

Niliona hasira ikimpanda, kisha ikamshuka, na kilichobaki usoni ni uchovu. Akasogea karibu ili mwavuli utufunike wote wawili.

"Nikikujibu, unaandika. Ukiandika, siku moja mtu anasoma, ananiuliza kwa mshahara wangu huu nyumba hii nimeijenga na nini. Wewe unafikiri waziri wangu atajibu? Unafikiri waziri aliyemtangulia alijibu? Kila mtu huku juu anajua kwa nini hafungui."

"Na walinzi, Mkuu?"

"Walinzi wanalipwa."

"Wanalipwa ngapi? Wako unamlipa ngapi?"

Alinipa ule mwavuli, akarudi ndani akilowa. Wiki nne zote hizi nilimwona mpumbavu mwenye cheo. Si mpumbavu. Ni mwoga, na uoga wake una sababu, na hilo linanikasirisha zaidi kuliko upumbavu.

Ijumaa, 11 Aprili

Amenipa njia mbili. Nitie saini jedwali kama mkuu wa kitengo, naye ataniruhusu niweke tanbihi chini yake. Au nisitie saini, Chapuchapu atatia, bila tanbihi.

Nimeandika tanbihi hii, na hakuibadilisha hata neno: "Kaya zenye kipato kikubwa hazikupatikana, na mahali pake walihojiwa wafanyakazi wao. Namba hii inapima matumizi, si kipato. Isitumike kulinganisha nchi na nchi wala kupanga mishahara."

Nikatia saini. Nilijiambia kwamba angalau ukweli umo kwenye ukurasa.

Nilipofika nyumbani nikamsomea mke wangu. Akasimamisha cherehani. "Imeandikwa kwa herufi za ukubwa gani?"

"Ndogo. Tanbihi zote huwa ndogo."

"Basi umeandika kwa ajili yako," akasema, akaendelea kushona.

Nilimkasirikia jioni nzima kwa sababu alisema kweli.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Fundi wa dari amekuja, ameitazama, ameondoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Jedwali limetangazwa. Magazeti yote, redio zote. "Nchi yetu yaongoza kwa usawa." Nimenunua magazeti manne na kuyasoma mpaka matangazo ya viwanja. Tanbihi haimo. Si kwamba imefupishwa. Haimo. Nimempigia mhariri mmoja, akaniambia kwa adabu kwamba nafasi haikutosha. Ukurasa huohuo una picha ya Mkurugenzi, nusu ukurasa.

Mama wa ng'ambo ya mpaka amepiga mchana. Safari hii hakuwa mkali, na hilo lilinitisha.

"Tumekuwa wa mwisho," akasema. "Mimi nimeuliza watu wamepata nini, wakanijibu, nikaandika. Leo nimeitwa mbele ya kikao nikaulizwa kwa nini naitia nchi aibu. Wameamua awamu ijayo na sisi tuulize watu wamekula nini."

"Pole sana, dada."

"Pole ya nini? Hongera ni kwako." Akakata.

Sijawahi kuudhika na ushindi namna hii.

Jumatano, 30 Aprili

Bodi ya mishahara imetoa taarifa. Kwa kuwa namba ni ishirini na tisa, chini kabisa ya arobaini, hakuna sababu ya kupandisha kima cha chini cha walinzi na watumishi wa nyumbani. Suala litaangaliwa upya baada ya miaka minne.

Nilimpigia shemeji nimweleze kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Nilimweleza yote, geti, nyama, saini yangu.

"Kwa hiyo ningesema mkate mkavu ingekuwa afadhali?"

"Wewe peke yako usingebadilisha kitu," nikamwambia. "Na sikulaumu. Mimi ndiye niliyejua, na bado nikasaini."

"Sasa mwenzangu nitamwambiaje?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilishamwambia ajiandae."

Nikasema amweleze polepole. Akasema atampigia Jumapili, akiwa na nguvu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Mchana gari la kukodi limesimama mlangoni, akashuka mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akatoa begi, beseni, godoro dogo limefungwa kamba. Wifi yake mke wangu. Mke wa shemeji. Hakuna aliyejua anakuja.

Alikuwa ameanzia kilimani. Shemeji alimwona kwenye geti, na mtoto na mizigo yote, na hakuweza kumfungulia. Alimpa anwani yetu kupitia kwenye vyuma na nauli aliyokuwa nayo mfukoni. Haya aliyasimulia huku akicheka kidogo, kama jambo la kusahauliwa upesi. "Alikuwa kazini, mkubwa wake yupo. Nimeelewa. Jioni atakuja."

Mke wangu alikuwa ameshampokea mtoto, anamfuta kichwa. "Wifi, mbona hukupiga simu? Angekwambia!"

"Nilitaka kumshtua. Tulisikia redioni, nyumbani wote tumekaa tunasikiliza. Wakasema huku sasa watu wote wako karibu sawa, nchi hii imezipita zote. Nikamwambia mama, basi kile mume wangu alichokuwa anasubiri kimefika. Nikauza mbuzi wangu, jana nikapanda basi."

Mtoto alikuwa anatembea sasa, anatoka kwa mke wangu kwenda kwenye kiti changu, akashika mguu wa kiti.

Mwanamke yule akanigeukia, uso wake mzima unang'aa. "Na wakaitaja ofisi yenu, shemeji. Nikawaambia nyumbani, huyo ni shemeji yetu. Si wewe ndiye uliyepima?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Basi asante sana, shemeji," akasema, akapiga magoti na kuanza kumvua mtoto viatu vilivyolowa.